Picha ile ya Daktari Sims si ushahidi, ni tangazo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wanawake watumwa waliofanyiwa majaribio ya upasuaji na Daktari J. Marion Sims miaka ya 1840 huko Montgomery, Alabama, Marekani, ilistahili kuchapishwa, na imeandikwa kwa uangalifu. Kilichotukwaza ni picha iliyowekwa juu yake, na zaidi ya picha, yale maneno ya chini yake: "Daktari J. Marion Sims akiwa kazini, Montgomery." Msomaji asiyejua ataondoka akiamini kwamba kuna mtu aliyekuwapo chumbani siku ile akachora alichokiona. Hakuna. Mchoro huo ni wa Robert Thom, msanii aliyelipwa na kampuni ya dawa ya Parke-Davis kuchora mfululizo wa picha za historia ya tiba katikati ya karne ya 20, zaidi ya miaka 100 baada ya mambo yenyewe kutokea. Nakala za picha hizo zilitundikwa kwenye vyumba vya madaktari, mgonjwa akae azitazame huku akingoja zamu yake. Ni tangazo, hata kama limepakwa rangi za mafuta.

Itazameni tena kwa utulivu. Sims amesimama wima ndani ya koti lake, mikono ameikunja, chombo cha chuma kiganjani, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Karibu yake wapo wanaume wengine wawili. Juu ya meza amepiga magoti mwanamke mweusi, nguo zake zote zimo mwilini, kitambaa kichwani. Pembeni, wanawake wengine wawili wanachungulia nyuma ya shuka lililotundikwa kama pazia. Hakuna tone la damu wala la mkojo. Hata huyo aliye mezani haijulikani ni nani kati ya wagonjwa wa Sims: wapo wanaosema Lucy, wapo wanaosema Betsey au Anarcha. Jina pekee lililo kwenye anwani ya mchoro ni la daktari.

Linganisheni na yale aliyoyaandika Sims mwenyewe. Lucy alipasuliwa mbele ya madaktari kama 12 walioalikwa kutazama, akiwa amepiga magoti, kwa muda wa saa nzima, bila dawa ya usingizi. Mchoraji amewapunguza watazamaji, amemvisha mgonjwa, na amesimamisha saa dakika moja kabla kisu hakijagusa mwili. Kila alichokiondoa ndicho ambacho wasanii wa sasa wanahangaika kukirudisha.

Ili mtu aone wanachohangaikia, lazima ajue ugonjwa na upasuaji wenyewe. Anarcha alikuwa na umri wa miaka kama 17 alipokaa na uchungu wa kuzaa kwa siku 3 ndipo Sims akaitwa. Uchungu ukikwama namna hiyo, kichwa cha mtoto hukibana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa wa nyonga. Nyama iliyobanwa hukosa damu. Haichaniki papo hapo: hufa, na baada ya siku kadhaa hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Tangu hapo mkojo hauzuiliki tena, unatiririka mchana na usiku, unababua mapaja. Hiyo ndiyo fistula. Wakati mwingine, kama kwa Anarcha, tundu hutokea pia upande wa haja kubwa.

Kati ya 1845 na 1849 Sims aliwaweka wanawake kadhaa wa namna hiyo kwenye hospitali ndogo aliyoijenga uani kwake. Tunayajua majina ya watatu tu: Anarcha, Betsey na Lucy. Makubaliano aliyafanya na mabwana zao: bwana alipe kodi ya mtumwa wake na kumvisha, daktari amlishe na kumhifadhi. Ndiyo hati ya ridhaa iliyokuwapo, na haikuwa na nafasi ya mwanamke kuweka hata alama ya kidole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa hupiga magoti na kuinama. Spekulamu, ambayo Sims aliibuni kwa kupinda mpini wa kijiko, hupanua njia ili tundu lionekane. Kingo za tundu hukwanguliwa mpaka zitoe damu, kwa sababu kingo zilizokwisha kupona kila moja peke yake hazishikani. Kisha hushonwa. Mwanzoni alishona kwa uzi wa hariri, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika: hariri hunyonya majimaji, hubeba uchafu, nyama inayouzunguka uzi huvimba na kuoza, mshono huachia, na palipokuwa na tundu moja kubwa hubaki vitundu viwili vitatu. Anarcha alipasuliwa mara 30. Kilichofaulu mwishoni, mwaka 1849, ni waya mwembamba wa fedha, ambao haunyonyi kitu, ukikazwa kwa vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyotobolewa na kubanwa. Kwa Lucy, Sims aliacha sponji ndani ya njia ya mkojo ili linyonye mkojo kutoka kibofuni. Sponji liliganda kwa chumvi za mkojo, likashikana na nyama, na kulitoa kulikuwa mateso kupita upasuaji. Lucy alipata sumu ya damu na alichukua miezi 2 au 3 kupata nafuu.

Baada ya kila upasuaji walipewa afyuni kwa siku nyingi, ili maumivu yapungue na choo kifunge, mshono usivutike. Afyuni hiyo ndiyo iitwayo kasumba kwa Kiswahili, neno ambalo baadaye tumelitumia kwa fikra za kupandikizwa kichwani. Kwa mchoro wa Thom hatujui kama lipo neno linalofaa zaidi.

Watetezi wa Sims husema mvuke wa etha, dawa ya usingizi, ulionyeshwa hadharani Boston mnamo Oktoba 1846, yeye akiwa tayari ameshaanza, na kwamba madaktari wengi wa wakati ule hawakuuamini. Ni kweli. Lakini mjadala wa etha umeachiwa umeze swali kubwa kuliko huo. Hata kama Lucy angelazwa usingizi mtamu, bado hakuwa na uwezo wa kusema hapana. Na jambo lingine halionekani popote kwenye mchoro: wale madaktari walioalikwa walichoka kuona kazi isiyofaulu wakaacha kuja, na Sims akawafundisha wagonjwa wenyewe kumsaidia. Walimshika mwenzao aliyepasuliwa mikono na miguu, walipitisha vyombo, waliuguzana. Wakati mbinu ile inafaulu, wasaidizi wazoefu kuliko wote walikuwa hao hao wanawake. Thom amewaweka nyuma ya pazia wakichungulia.

Mchoro huo ndio aliokutana nao Michelle Browder alipokuwa mwanafunzi wa sanaa Atlanta, na hakuusahau. Septemba 2021 alizindua Montgomery sanamu tatu za vyuma chakavu alizoziita Mama wa Jinakolojia, yaani tiba ya viungo vya uzazi vya wanawake. Zipo kama maili moja tu kutoka viwanja vya makao ya serikali ya jimbo, ambako Sims ana sanamu yake tangu 1939. Aliye mrefu zaidi, Anarcha, anakaribia futi 15, yaani mita 4 na nusu. Tumbo lake liko wazi, ndani mna ua moja jekundu la waridi tu. Mfuko wa uzazi umewekwa kando, umejazwa vioo vilivyokatika, sindano, mikasi na vyombo vya hospitali. Mtu anayesimama mbele yake anaiona spekulamu na mkasi vikiwa vyuma halisi vilivyopita mikononi mwa watu, havikuchongwa wala kuigizwa. Browder alilazimika kwenda California kufundishwa kuchomelea, kwa kuwa hakuwa ameifanya kazi hiyo kabla.

Kwa yeyote anayetaka kuiga njia hiyo, haitakuwa vibaya kusema inapoharibikia. Vyombo vya hospitali si chuma kimoja. Mikasi na koleo nyingi ni chuma kigumu cha kukata, ambacho hakishiki kutu kwa urahisi lakini hunasa sumaku, na spekulamu nyingi ni chuma laini kisichoshika kutu, ambacho hakinasi. Anayechambua vyuma vyake kwa sumaku peke yake atachanganya. Mkasi na mnyororo wa baiskeli vikichomelewa baridi na kuachwa vipoe upesi, hupasuka pembeni mwa kiungo, sio kwenye kiungo chenyewe. Vipashwe moto kwanza hadi kiasi cha nyuzi 200 na vipozwe polepole, vifunikwe majivu au mchanga mkavu. Chuma kisichoshika kutu kikiungwa na chuma cha kawaida kinahitaji fimbo ya kuchomelea aina ya 309. Ukitumia fimbo ya kawaida, kiungo huvunjika kama kioo. Chuma kilichopakwa zinki kikwanguliwe sentimita 3 kila upande wa kiungo, la sivyo moshi wake mweupe humpa mchomeleaji homa na kutetemeka jioni ile ile. Na sanamu yenye uwazi ndani itobolewe matundu ya milimita 8 au 10 sehemu za chini kabisa. Maji ya mvua yataingia tu, hata ukiziba vipi. Yakikosa pa kutokea, miguu hula kutu kutoka ndani, na hakuna atakayejua mpaka sanamu ianze kuinama.

Vyuma chakavu peke yake havimpi mtu heshima. Willie Bester wa Afrika Kusini alimtengeneza Sarah Baartman kwa njia ya namna hiyo hiyo mwaka 2000. Baartman ni yule mwanamke wa Kikhoi aliyeonyeshwa kwa viingilio London na Paris. Alipofariki mwishoni mwa 1815, mwanasayansi Mfaransa Georges Cuvier alimpasua, akatengeneza kalibu ya mwili wake na kuhifadhi viungo vyake vya uzazi kwenye chupa. Mabaki yake yalionyeshwa kwenye jumba la makumbusho Paris hadi miaka ya 1970, na yalizikwa kwao, Hankey, Afrika Kusini, Agosti 2002. Bester alikusudia kulaani hayo. Lakini sanamu yake ilikuwa uchi, imesimama ndani ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, watu wakipita na vitabu vyao. Wanafunzi weusi waliifunga nguo mwilini na kilemba kichwani. Nguo zilipoondolewa, ugomvi ulikuwa mkubwa, na hatimaye sanamu ilitolewa maktabani. Vyuma vile vile, nia njema ile ile, matokeo tofauti. Wanawake wa Browder wamevikwa vyuma, wanakutazama kwa juu, na kilichofunguliwa ni jeraha walilotiwa. Wa Bester aliwekwa tena pale pale Cuvier alipomweka: mbele ya macho, bila nguo.

Njia ya tatu ni kumgeuzia kisu aliyekishika. Mwaka 2017, kwenye ukumbi wa Pioneer Works huko Brooklyn, Doreen Garner alitengeneza ngozi ya silikoni kwa umbo la sanamu ya Sims, kisha yeye na wanawake wenzake weusi wakaifanyia mbele ya watu upasuaji ule ule wa kuziba fistula. Hawakupiga kelele wala kuivunja sanamu. Walifuata hatua. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi kali kuliko zote, kwa sababu mtazamaji hapati nafuu ya hasira ya haraka. Anakaa anatazama utaratibu.

Utaratibu huo unadai fundi anayeijua silikoni. Ile inayokaushwa kwa platinamu ndiyo inayofanana na ngozi, lakini ina adui: salfa. Ukiimwaga juu ya udongo wa kufinyangia wenye salfa, au ukaishika kwa glavu za mpira wa kawaida, sehemu iliyogusa hubaki inanata milele, hata ungoje mwezi. Sehemu A na B hupimwa sawa kwa sawa kwa zile nyingi za dukani, rangi isizidi asilimia 3, na hupakwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiwa bado linanata kidogo ndipo linalofuata lishike. Kosa kubwa huonekana siku ya onyesho: silikoni tupu haishoneki. Sindano hupita vizuri, uzi ukivutwa hukata kama waya unavyokata sabuni. Lazima wavu laini wa nailoni ulazwe kati ya tabaka ili mshono upate pa kushikia. Asiyeulaza atabaki anashona kitu kinachoachia kila mara, na bila kukusudia atakuwa amemwigiza Sims na hariri yake.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, hakuhitaji chuma wala silikoni. Katikati ya miaka ya 2000 alichukua kurasa za zamani za vitabu vya tiba zenye michoro ya magonjwa ya mfuko wa uzazi, akabandika juu yake midomo, macho na vipande vya ngozi vilivyokatwa kwenye magazeti ya mitindo, akaongeza manyoya na vumbi la kung'aa. Zipo 12. Kila moja ni uso wa mwanamke, na pua au paji lake ni mchoro wa uvimbe. Majina ya magonjwa yaliyochapwa kwenye kurasa hayakufunikwa: yanasomeka bado. Vitabu vile viliukata mwanamke vipandevipande na kutupa uso. Mutu ameurudisha uso kwa vipande hivyo hivyo, na hakujisumbua kuufanya upendeze.

Hata kitambaa kinaweza kubeba jambo. Kwenye picha ya Henrietta Lacks aliyoichora Kadir Nelson mwaka 2017, gauni jekundu la huyo mama limekosa vifungo viwili. Vifungo hivyo vinasimama badala ya seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi chake katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951, bila yeye kuulizwa. Anayeijua habari anaviona mara moja. Asiyeijua anaona mwanamke nadhifu anayecheka, na pengine anajiuliza kwa nini mtu nadhifu hivyo hakushona vifungo.

Mwandishi wenu aligusia kuondolewa kwa sanamu ya Sims New York, nasi tuongeze alichoacha. Iliwekwa 1894 katika Bryant Park na kuhamishiwa Central Park 1934, mkabala na chuo cha wanatiba, ukingoni mwa East Harlem, mtaa wa watu weusi na Walatino. Wakazi walilalamika miaka mingi. Agosti 2017 wanawake wachache weusi walisimama mbele yake wamevaa kanzu za wagonjwa zenye rangi nyekundu kuanzia kiunoni kwenda chini, na picha hiyo ilizunguka dunia. Aprili 17, 2018 sanamu iliondolewa ikapelekwa makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, alikozikwa Sims. Halafu ikaja shughuli ya kuchagua mbadala. Mwaka 2019 jopo la wataalamu lilimchagua Simone Leigh, msanii mwenye jina kubwa, wakati wakazi walikuwa wakimtaka Vinnie Bagwell. Ukumbi ulichafuka. Leigh alijitoa mwenyewe, kazi ikaenda kwa Bagwell. Wapo walioona ni vurugu. Sisi tunaona watu ambao hawakuulizwa mara ya kwanza walikataa kutoulizwa mara ya pili.

Kwa nini haya yote kwa sababu ya maneno ya chini ya picha? Kwa sababu picha kama ya Thom zilikaa mbele ya madaktari na wagonjwa kwa miaka mingi, zikifundisha kimyakimya kwamba mwanamke mweusi alivumilia tu, hakuumia. Fundisho hilo halijafa. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Virginia na kutolewa 2016 ulikuta karibu nusu ya wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari wanagenzi wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Mwaka 2021 wanawake weusi Marekani walifariki kwa sababu za uzazi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, weupe 26.6. Na Montgomery hiyo hiyo, mwaka 1973, mabinti wawili weusi wa familia ya Relf, wa miaka 12 na 14, walifungwa uzazi baada ya mama yao asiyejua kusoma kuweka alama ya X kwenye karatasi aliyodhani ni ya sindano za kuzuia mimba.

Hatuombi mchoro ufutwe kwenye kumbukumbu zenu. Uacheni, ila maneno ya chini yabadilishwe, kwenye nakala ya mtandaoni na kwenye masahihisho ya gazeti, yasomeke hivi: "Mchoro wa Robert Thom wa karne ya 20, uliolipiwa na kampuni ya dawa ya Parke-Davis. Lucy, Anarcha na Betsey walipasuliwa Montgomery kati ya 1845 na 1849 wakiwa watumwa. Hakuna picha yao yoyote inayojulikana."

Wasomaji wenu